Masika ya Plastiki Iliyosomeshwa

4 Machi

Mke wangu amenipa daftari hili asubuhi ya leo, na hakunipa kwa mapenzi. Alisema, "Kila unachotaka kunisimulia, andika humu kwanza. Kikibaki kitamu baada ya wiki, utanisomea." Nilikubali kwa sababu namheshimu, na kwa sababu alikuwa ameshika mwiko.

Basi niseme mimi ni nani, ingawa wanaonijua ni wengi. Nimeendesha lori refu zaidi ya nusu ya maisha yangu. Nimelala katika nchi saba na kula katika nane. Ile ya nane sikupata nafasi ya kulala, walinirudisha. Najua kusalimia kwa lugha kumi na moja na kuomba msamaha kwa kumi na tatu. Shule niliishia la saba, si kwa kushindwa, walimu ndio waliochoka. Mgongo ulipogoma, chuo kikanipa kazi ya kutunza jenereta nyuma ya jengo la maabara. Umeme ukikatika naliwasha kabla watu hawajamaliza kuguna.

Chumba cha mwisho cha jengo hilo ndimo anamofanyia kazi mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye tangu aanze shahada ya pili anakaa kwetu. Mtoto mpole, sauti ndogo, mtu wa kusema "samahani" akigongana na mlango. Akili kaitoa upande wetu.

Mvua ya kwanza imenyesha alasiri.

7 Machi

Kibanda cha jenereta kinavuja sehemu mbili. Zote mbili ziko juu ya kichwa changu.

11 Machi

Leo nimehamia maabara. Nilibisha hodi nikiwa nimeshaingia.

"Shikamoo mjomba," mpwa wangu akasema, akiangalia maji yanavyonitiririka mpaka sakafuni. "Karibu. Ila usiguse kitu."

"Marahaba. Mimi nimesafirisha mayai kwenye barabara ya mashimo siku tatu, halikuvunjika hata moja. Nitagusa nini?"

Ni kweli tupu. Sikumwambia tu kwamba yalikuwa yamechemshwa.

Akanieleza kazi yake, na mimi naieleza hapa vizuri zaidi. Plastiki tunayoijua, ya ndoo na sahani, umeme ukiifikia unageuza kurudi kwao. Hii ya kwake imepikwa kwa namna ambayo umeme unapita. Yaani ni plastiki iliyosomeshwa. Yeye anaichanganya na unga wa fedha, ile ya pete na vidani, anaitandaza iwe nyembamba kama ganda la kitunguu, kisha anapima joto linavyopita ndani yake.

Mashine ya kupimia ni friji bovu nililolitafuta mimi, nikapatana bei mimi, nikalibeba mimi, pamoja na vijana wanne. Ndani kuna bamba la moto upande mmoja na bamba la baridi upande wa pili, na ule utando unabanwa katikati. Bamba la baridi linapozwa na maji ya ndoo yanayozunguka kwenye kibomba. Joto likipita kwa wingi, bamba la baridi linapata moto kidogo na namba kwenye kioo inapanda. Joto likikwama, namba inalala.

"Mwezi wa pili, kabla ya mvua, nilipima plastiki tupu," akasema. "Ilitoa kumi na mbili. Sasa naweka fedha. Fedha inapitisha joto kuliko karibu kila kitu duniani, kwa hiyo namba itapanda. Mkuu wa idara ameshawaambia wafadhili itapanda. Wanakuja mwezi ujao. Ikipanda, tutatengeneza gundi ya kupoza mitambo, na chumba hiki kinabaki changu mpaka nimalize. Isipopanda, kinakuwa stoo ya viti."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuwa msichana aliyewahi kuanza shahada ya pili."

Alisema kwa sauti ileile ya kuuomba mlango msamaha. Nikachungulia nje. Viti vimeshapangwa kwenye korido, vimepandana, vinasubiri kama ndugu wa marehemu wanaosubiri nyumba.

12 Machi

Nimepata pangu. Nyuma ya friji, ukutani, kuna nafasi ya stuli moja. Ukiegemea ubavu wa friji pale lilipo bamba la baridi, unapata ubaridi mtamu unaoingia mpaka kwenye uti wa mgongo. Na miaka yote hospitali walikuwa wananipa vidonge.

15 Machi

Mvua. Nimemsimulia mpwa wangu jinsi nilivyokaa mpakani siku nne kwa sababu ya mhuri. Mhuri wenyewe ulikuwa mfukoni mwa ofisa, na ofisa alikuwa harusini. Hakucheka. Alisema, "Mjomba, ukiongea siwezi kusoma namba." Nikafumba macho ili nifikiri.

19 Machi

Nilikuwa nimefumba macho nafikiri, nikasikia kiti kinaanguka. Kufumbua, mpwa wangu amesimama na mikono kichwani.

"Kumi na tisa," akasema. "Mjomba, kumi na tisa."

Tukaitazama ile namba kama watu wanaotazama mtoto mchanga. Haikushuka. Nikamwambia nilijua tangu mwanzo. Akasema, "Ulikuwa unakoroma." Nikamwambia nafikiri kwa sauti.

Akamwita mkuu wa idara. Huyu bwana tunamwita Tayari, kwa kuwa hakuna jambo utakalomwambia ambalo kwake halijawa tayari. Ukimwambia paa linavuja, tayari ameandika barua. Ukimwambia mkewe amejifungua, tayari alikuwa anajua ni mvulana. Alikuja na miwani juu ya kipara, akasoma namba, akasema, "Tayari niliwaambia." Kisha akamshika mpwa wangu mkono kwa mikono yake miwili, na mimi akaniuliza dizeli ipo.

Sijawahi kumpenda mtu huyu. Dizeli ipo.

23 Machi

Jumamosi. Mimi mapumziko. Mpwa wangu alikwenda peke yake akarudi amenyong'onyea. Namba ilikuwa tisa. Chini hata ya plastiki tupu.

"Nimefungua nikafunga tena mara nyingi," akamwambia mke wangu. "Anti, sielewi. Nadhani utando haukubanwa vizuri."

Nikamwambia mashine inataka watu. Lori langu pia lilikuwa hivyo, ukilisemesha linapanda mlima. Mke wangu akasema, "Lilikuwa linapanda ili ufike unyamaze."

25 Machi

Jumatatu. Nimefika. Kumi na tisa. Nimesema nini mimi?

2 Aprili

Mvua ya wiki nzima. Umeme unakatika kama mtu mwenye kwikwi. Nikitoka kwenda kuwasha jenereta, namba inashuka. Nikirudi na kukaa, baada ya muda inapanda. Mpwa wangu anasema ni umeme wa jenereta, si safi. Nimelisafisha jenereta mpaka mtu anaweza kulia chakula juu yake.

Siku nzuri anaziweka, siku mbaya anazitupa. Kila Jumamosi ni mbaya. Ameanza kuamini kuna kitu Jumamosi. Unga wa fedha umekwisha, na tando alizozipima, kila moja na kiasi chake cha fedha, anazikata vipande vidogo kwa ajili ya kipimo cha umeme, kwa hiyo hakuna kurudia. Umebaki utando mmoja tu, mzima, kwa ajili ya wageni.

8 Aprili

Viungo vinauma. Mke wangu anasema nibaki nyumbani. Nimemwambia mashine haiwezi bila mimi.

9 Aprili

Siku ya historia. Nilifika natetemeka, kichwa kinagonga kama injini yenye silinda moja, nikaenda moja kwa moja mahali pangu. Ule ubaridi wa friji leo ulikuwa kama wa peponi. Sikuegemea, nililikumbatia. Sikumbuki mengi baada ya hapo, ila watu wakiingia wakitoka, na sauti ya Tayari ikisema, "Ishirini na tatu, tena ishirini na tatu na nusu." Alipiga simu kwa wafadhili palepale, amesimama mbele ya kioo. Akaagiza soda. Mimi nilipewa ya chungwa, nikaishikilia shavuni.

Mpwa wangu alicheka leo. Nilikuwa sijui ana mwanya.

10 Aprili

Malaria. Ni mimi mkewe ninayeandika hapa. Amelala. Nyumba imetulia sana, mpaka nimewasha redio.

11 Aprili

Naandika nimelala chali, lakini lazima.

Mpwa wangu alirudi mchana, saa ambayo harudi. Alikuja na uji, akaketi ukingoni mwa kitanda, akakoroga uji bila kunipa. Nikajua.

"Tisa," akasema. "Jana tisa, leo tisa. Utando uleule uliotoa ishirini na tatu. Umeme haukukatika. Nimefanya kila kitu. Wageni wanakuja wiki ijayo na Mkuu ameshawaambia ishirini na tatu."

"Pole, mama."

"Pole wewe, mjomba. Mimi nakuletea matatizo na wewe unaumwa." Akaweka kiganja kwenye paji la uso wangu, kama anavyofanya dada yangu. "Bado unachemka."

Kiganja hakikuondoka. Kilibaki pale. Macho yake yalikuwa yameenda dirishani, halafu ukutani, halafu yakarudi kwangu polepole kama mtu anayerudisha gari nyuma kwenye uchochoro.

"Mjomba, juzi ulikaa wapi?"

"Pangu pale."

"Nyuma ya friji."

"Ndiyo."

"Uliegemea?"

"Nilikumbatia. Kulikuwa na ubaridi."

"Na siku zote unaegemea?"

"Mgongo wangu huu unaujua wewe."

Akaweka bakuli chini. Akakaa chini sakafuni karibu na bakuli. Mke wangu akaja mlangoni akauliza kuna nini, na mpwa wangu akasema kwa utulivu mkubwa, "Anti, kwa mwezi mzima nimekuwa napima joto la mjomba."

Mke wangu alifikiri kidogo. "Na limekutwa zuri?"

12 Aprili

Homa imepungua, aibu imepanda. Nimekaa na mpwa wangu kibarazani, mvua ikiruka kwenye bati, nikamwambia anieleze kama dereva.

Akasema hivi. Joto halipiti kama maji kwenye bomba. Ni mtikisiko: chembe inamtikisa jirani, jirani anamtikisa wa mbele. Ndani ya fedha mtikisiko huo una njia ya mkato, joto linakimbia. Ndani ya plastiki linajikokota. "Sasa mimi nilidhani nikitia fedha nimetia vipande vya lami kwenye barabara ya vumbi. Lakini kila chembe ya fedha ina mipaka, mjomba. Mwendo wa plastiki na mwendo wa fedha haufanani. Joto likifika pale linasimamishwa. Likiingia linasimamishwa, likitoka linasimamishwa."

"Lami nzuri pande zote," nikasema, "na malori kilomita mbili yanasubiri mhuri."

"Ndiyo hivyo. Nimeongeza lami kidogo na mipaka maelfu. Tisa ndiyo kweli. Zile Jumamosi nilizozitupa ndizo zilikuwa kweli."

"Na umeme?"

"Umeme unapita vizuri tu."

"Una hati ya ubalozi," nikasema. "Joto ndilo wanalolifungua kila gunia." Hapo alitabasamu, na mimi nikajiona nimegundua jambo hili mwenyewe, karibu.

"Si utie fedha nyingi zaidi?"

"Mpaka chembe zigusane, barabara inaungana. Lakini hapo si plastiki tena, ni kijiko."

Ndipo nikatoa shauri langu. Shauri la mtu mzima mwenye upendo. Nikamwambia, siku ya wageni mimi nitakaa pale pangu. Sitasema neno. Nitavaa sweta mbili na koti. Wataona kumi na tisa, hata ishirini, watapiga makofi, chumba chako kinabaki, na baadaye kidogo kidogo utawashusha mpaka tisa bila wao kushtuka.

Alitazama maji yanavyochimba shimo chini ya bomba la bati. Nilipoingia ndani, mke wangu, ambaye anasikia kupitia kuta, akaniambia, "Umemwonyesha mlango mbaya, bwana."

"Nimemwonyesha mlango."

Nimelala upande wa ukuta.

15 Aprili

Mpwa wangu alikwenda kumwambia Tayari. Nilimsubiri nje na kitambaa cha kufutia mikono, kana kwamba anatoka kujifungua. Alitoka haraka.

"Kasema tayari ameshachapisha mabango. Kasema ni vumbi kwenye kipimajoto, nifute. Kasema ishirini na tatu imeshaonekana, na kitu kilichoonekana hakiwezi kuonekanwa tena kuwa hakipo."

"Hiyo ni Kiswahili?"

"Ni Mkuu."

17 Aprili

Mvua. Haniongeleshi kuhusu shauri langu. Nimefua sweta mbili.

19 Aprili

Leo. Niandike polepole.

Wageni walikuwa watatu, wanaume wawili wa kutikisa vichwa na mama mmoja mhandisi, nywele nyeupe, viatu vya kazi vyenye tope kama vyangu. Bango kubwa ukutani, ISHIRINI NA TATU kwa wino mwekundu. Viti vya korido vimefunikwa kwa shuka, lakini miguu inaonekana. Mimi nimeambiwa nikae nje. Nilikaa nje kwa mwili; kichwa kilikuwa dirishani.

Mpwa wangu akaweka ule utando uliobaki. Wakasubiri. Tayari akajaza muda kwa kusema mambo ambayo tayari yametokea na yatakayotokea. Namba ikatulia.

Tisa.

"Vumbi," akasema Tayari. "Ni vumbi. Futa."

Mpwa wangu akafuta. Tisa. Kipara cha Tayari kikaanza kung'aa jasho. Yule mama mhandisi alitazama bango, akatazama kioo, akatazama bango tena, na wale wawili wakaacha kutikisa vichwa. Mikono ya mpwa wangu ilikuwa imeshika ukingo wa meza. Nikawaza, mtoto wa dada yangu huyo, viti vinamngoja, na mimi nimesimama kwenye mvua na digrii zangu zote mwilini bila kazi.

Akageuka dirishani.

"Mjomba," akasema. "Njoo ukae mahali pako."

Nisiseme uongo, moyo wangu ulipanda juu kama bendera. Kumbe alilichukua shauri langu. Nilikuwa nimeshavaa sweta. Niliingia, nikawasalimia wageni kwa lugha mbili, nikapita nyuma ya friji, nikaketi kwenye stuli yangu na kujibandika pale kwa mgongo, mabega na viwiko. Nikafumba macho nikatoa joto. Nilitoa kama jiko. Nilifikiria jangwa, injini, mikutano ya familia.

Namba ikaanza kupanda. Kumi na moja. Kumi na nne. Tayari akavuta pumzi, akasema, "Ilikuwa inahitaji kupata moto tu, tayari nili—" Kumi na nane. Kumi na tisa. Mmoja wa wale wawili akaanza kupiga makofi.

"Sasa simama, mjomba," mpwa wangu akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Simama, tafadhali. Rudi dirishani."

Nikasimama. Kila mtu akatazama kioo. Namba ikashuka kama mtu anayeteremka ngazi: kumi na saba, kumi na nne, kumi. Tisa.

"Kaa tena."

Nikakaa. Ikapanda. Nikasimama. Ikashuka. Mara ya tatu sikuhitaji kuambiwa. Nilikuwa nimeelewa, na masikio yangu yalikuwa ya moto kiasi kwamba nadhani peke yao yaliongeza mbili.

"Huyu ni nani?" mama mhandisi akauliza.

"Ni mjomba wangu," mpwa wangu akasema, na safari hii sauti haikuwa ndogo. "Na ndiye kosa langu la kipimo. Plastiki tupu nilipima wakati wa jua, yeye akiwa nje. Yenye fedha nilipima wakati wa mvua, yeye akiwa ndani. Ile ishirini na tatu ilikuwa malaria. Namba ya kweli ni tisa. Fedha kidogo haipitishi joto zaidi, inalizuia, kwa sababu ya mipaka. Gundi ya kupoza haitatoka hapa. Nilipaswa kuwaambia kabla hamjafunga safari. Nawaomba radhi."

Tayari alikuwa anaangalia bango lake kama mtu anayeangalia gari lake likizama mtoni.

"Na umeme unapita?" mama mhandisi akauliza.

"Unapita vizuri kuliko mwanzo."

"Unapitisha umeme na kuzuia joto." Yule mama akanyoosha mkono mlangoni, akavuta kiti kimoja kutoka chini ya shuka, akaketi. "Binti, unajua kuna watu wanautafuta huo? Kitu kama hicho ukikibandika kwenye bomba la moshi la gari, upande mmoja ukabaki wa moto na mwingine wa baridi, kinakupa umeme wa bure. Lakini tando zako ziko wapi?"

"Nimezikata. Na unga umekwisha. Nimebaki na huu mmoja."

"Na namba zake zote zina mjomba ndani."

"Zote."

Mama mhandisi alinitazama kuanzia viatu mpaka sweta ya juu. Nimekaguliwa mipaka mingi, sijawahi kukaguliwa vile. Akasema, "Basi mpime huyu. Jua analeta joto kiasi gani akikaa pale, mtoe kwenye kila namba uliyoandika. Jaribu kwanza kwa utando huu uliobaki. Ukimtoa ukapata ileile tisa ya chumba kitupu, zile nyingine nitaziamini. Nitarudi katikati ya mwezi wa tano. Zikikubaliana, chumba chako. Zisipokubaliana, sina la kuwaambia wenzangu."

Wakaondoka. Tayari akabandua bango mwenyewe. Alilikunja vizuri, pembe kwa pembe.

20 Aprili

Nimemwambia mpwa wangu kwamba jana aliniweka uchi mbele ya watu. Akasema, "Najua, mjomba. Sikuwa na kitu kingine cha kuwaonyesha kilichokuwa cha kweli."

Nimekaa na jibu hilo siku nzima. Mtoto huyu anayeuomba mlango msamaha. Mimi nimepita mipaka yote ile na sikuwahi kufungua gunia mwenyewe kabla ya kuulizwa.

27 Aprili

Mvua. Mke wangu anasema nimepungua maneno. Nimemwambia yamo humu.

10 Mei

Siku ya kunipima. Masharti yalikuwa haya: koti lilelile la kaki, stuli ileile, nimekula kama kawaida, na nisiseme neno asubuhi mpaka jioni.

"Kwa nini nisiseme? Mwezi wote nilikuwa nasema."

"Ukisema unatikisa mikono, unapata moto, namba inaruka. Namba zote nzuri nilizoandika nilisoma ukiwa umesinzia. Mjomba, kukaa kimya siku moja tu. Ukiharibu, sina siku nyingine, maana utando unaanza kuchakaa."

Nimeendesha siku mbili bila kulala. Nimesukuma lori kwenye matope usiku wa manane. Hii ilikuwa ngumu kuliko zote. Usingizi, ambao kila siku ulinifuata kama mbwa, leo haukuonekana. Asubuhi ilikwenda. Mchana Tayari akaingia na ndoo mbili za maji baridi, kaloa mpaka soksi, kwa kuwa bomba la jengo limepasuka na ameyachota mwenyewe bondeni. Sikujua kwamba anaweza kubeba. Aliziweka chini, akashusha pumzi, akaketi karibu yangu. Na kwa kuwa mimi ni kimya na yeye ni yeye, akaanza kusimulia.

Akasimulia safari aliyofanya ujanani kwa lori. Akasema walipita daraja la chuma, wakapanda mlima ule mkali kwa gia ya tano.

Gia ya tano. Mlima ule. Wasomaji wa daftari hili, mlima ule hata mbuzi anapanda kwa gia ya kwanza.

Nikafunga mdomo. Akasema juu kileleni kulikuwa na bahari inaonekana. Hakuna bahari. Kuna kiwanda cha saruji. Nikauma shavu. Akasema dereva wao alikuwa fundi kuliko madereva wote wa njia ile, mtu mmoja wanamwita Kifaru. Kifaru nilimfundisha mimi kurudisha tela nyuma, na mpaka leo anagonga. Nikamtazama mpwa wangu. Alikuwa anatazama kioo, midomo inatembea kwa namba, na mkono mmoja ameuinua hewani kidogo, kiganja kwangu, kama askari anayesimamisha magari akimwomba Mungu yasimame.

Nikasimama. Yaani, kwa ndani.

Tayari akamaliza hadithi yake akanitazama, akashangaa. "Leo umenisikiliza," akasema. "Huwa hakuna anayenisikiliza mpaka mwisho." Akachukua ndoo tupu akarudi kwenye mvua. Nikamwona mgongo wake kwenye korido, umeinama upande wa ndoo, na nikajua kwa nini kila jambo kwake lazima liwe tayari. Anawahi kabla watu hawajaondoka.

Jioni mpwa wangu akasema, "Basi, mjomba." Nikatoka nje nikamkimbilia Tayari nikamwambia habari ya gia. Tulibishana mpaka geti likafungwa.

16 Mei

Mama mhandisi alirudi jana. Mimi nilikuwa nje, mbali kabisa na friji, kwa hiari yangu. Leo mpwa wangu amekuja nyumbani akiwa na viatu mkononi, tope mpaka magotini, akatusomea matokeo mezani.

Utando uliobaki, mimi nikiwa nimeegemea, ulitoa kumi na tisa na nukta moja. Mimi peke yangu, nimeketi kimya nimevaa koti, naleta kumi na nukta moja. Akanitoa. Ikabaki tisa. Chumba kitupu kilitoa tisa. Akanitoa kwenye namba za mwezi mzima, moja baada ya moja, isipokuwa ile ya malaria ambayo mama mhandisi alisema izikwe kwa heshima. Kadiri fedha ilivyozidi kidogo kidogo ndivyo joto lilivyozidi kukwama, mstari umenyooka hata mtoto angeuona. Chumba ni chake mpaka amalize. Tayari ameamuru viti virudishwe madarasani, na anasema tayari alikuwa ameanza kuhisi habari ya mipaka.

"Na katika kuandika," mpwa wangu akasema, "kuna ukurasa mzima wa wewe, mjomba. Uzito, koti, umbali kutoka ukutani."

Nimewahi kuondolewa katika kamati za harusi, katika timu ya mpira, katika nchi ya nane. Sijawahi kuondolewa kwa uangalifu namna hiyo, hadi nukta moja, na mtu anayefuta machozi kwa furaha.

Nilitaka kusema jambo kubwa. Nilikuwa nalo, lilikuwa limefika kwenye meno. Mke wangu akasogeza kiti chake mpaka kikagusa changu, akaingiza miguu yake ya baridi chini ya yangu.

"Nini?" nikamuuliza.

"Nje kuna unyevu," akasema. "Nyamaza kidogo, toa joto."